Kipande cha Boksi

Tangu amzike mkewe, Nyandwi alikuwa hasikii kitu. Hakusikia njaa, wala baridi ya alfajiri ya Mugoma, wala ule uchungu ambao waliokuja matangani walimkazia macho usoni wakiutafuta. Waliukuta uso mkavu, wakaondoka wakinong'onezana kwamba mzee yule kajikaza kweli kweli. Uongo mtupu. Hakujikaza hata kidogo. Aliamka, akanawa, akala alichowekewa, akalala, na siku ikawa imekwisha. Wiki ya sita mteja wake Muksini akampigia simu kutoka Nyakahura kwamba kijiko chake cha kuchimbia kinavuja oili. Nyandwi akajibu, "Nakuja," kwa sababu ndilo neno alilozoea kujibu.

Ngara na Biharamulo, ukiulizia fundi wa haidroliki unaelekezwa kwake. Wenzake humwita Mzee Boksi, na jina hilo kalitolea jasho. Mafundi wengi wa huku, mashine ikivuja, huupapasa mpira wa oili kwa kiganja kutafuta penye majimaji, kama mtu anayesaka kiroboto kwenye blanketi. Nyandwi akiwakuta hivyo huwatukana mbele za watu. Oili iliyomo kwenye mpira wa kijiko inasukumwa kwa nguvu inayoinua mawe. Ikipata tundu dogo kama la sindano hutoka kwa kasi ya kutoboa ngozi, wala huioni. Ikishaingia mwilini haitoki yenyewe. Inakaa humo ikiozesha nyama, na anayewahi kupasuliwa siku ileile ndiye anayebaki na mkono. Mzee Fabiani aliyemfundisha kazi, oili ilipomwingia mkononi alipewa chai na kuambiwa akapumzike, mkono huo ukaishia kubaki na vidole viwili. Ndiyo maana Nyandwi hatumii mkono. Hutumia kipande cha boksi, boksi la kawaida la dukani, akakipitisha taratibu kando ya mpira. Kinapolowa, ubovu uko hapo.

Basi alichukua sanduku lake la spana, akapanda pikipiki hadi Benaco, na pale akapata gari dogo la abiria lililokuwa linaelekea Nyakahura. Abiria mmoja alimsimulia habari za mwanawe aliyefeli mtihani, mwanzo mpaka mwisho. Nyandwi aliitikia kila panapostahili, na aliposhuka hakukumbuka hata neno moja.

Kijiko chenyewe kilikuwa kile kidogo ambacho wajuvi hukicheka mpaka siku wanapokihitaji. Kilisimama ukingoni mwa lambo walilokuwa wakichimbiwa wafugaji Wasukuma kabla mvua hazijaanza. Ng'ombe wachache walikuwa wamekuja kuchungulia shimo, wakakuta vumbi, wakabaki palepale. Muksini alishuka kitini mbio mbio. Ni mtu wa makamo, wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini Biharamulo. Babu zake walitoka Pwani na maneno yao yote, na hawakuacha hata moja njiani.

"Shikamoo mzee wangu. Pole, pole sana kwa msiba. Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nilitaka kuja kuzika, wallahi, lakini..."

"Marahaba. Imeanza lini?"

Muksini akameza yaliyobaki. "Jana alasiri. Nikiuinua mkono wa kijiko, unashuka wenyewe. Na hapa karibu na jeki ya kuuinulia pana kama ukungu, ukitazama huoni unakotoka. Mpira mpya ninao, nimeubanisha viungo vyake Kahama. Ila hapa ipo mitatu, na sijui wa kufungua ni upi."

"Washa. Inua mkono, uushikilie hapohapo."

Injini ikaunguruma. Nyandwi alipiga goti, akafungua sanduku lake na kuingiza mkono bila kutazama, pale juu ya spana ambapo boksi hukaa siku zote. Akashika chuma. Akatazama. Aliinua matambara, akainua bisibisi, akainua kopo la oringi, zile pete za mpira. Boksi halikuwemo.

Ikamchukua muda kuelewa. Kwa miaka ishirini na minane ya ufundi hajawahi kukata boksi kwa mkono wake. Aliyekata ni mkewe, Odeta. Alikuwa na kibanda chake cha sabuni na chumvi, na kila boksi la sabuni lililokwisha alilikata kwa kisu cha jikoni, vipande vya ukubwa wa viganja viwili. Nyandwi akiwa na safari, asubuhi Odeta hutoa kipande cha zamani kilicholowa oili, akawashia moto, akaweka kipya. Hakuwahi kusema, wala Nyandwi hakuwahi kushukuru. Alijua, ndiyo, lakini alijua kama mlaji anavyojua kuwa mboga ina chumvi.

Ungedhani hapo angelia. Alisubiri kidogo, akiwa amepiga goti vilevile, aone kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja, akafunga sanduku.

Nyuma ya kiti cha Muksini palikuwa na boksi zima la maji ya chupa. Nyandwi aliliona kwa macho yake. Angesema neno moja tu, angekatiwa kipande. Hana utetezi kwa alichofanya, na kama angemkuta fundi mwingine akifanya hivyo angemtukana. Alisogea kwenye ile mipira mitatu, akanyoosha mkono wa kulia, akaipapasa.

Mpira wa kwanza ulikuwa mkavu. Wa pili ulikuwa na vumbi lililoganda. Kwenye wa tatu kitu kilimgusa kwenye kidole cha shahada, kidogo sana, kama unyasi. Akautoa mkono. Pale chini ya kiungo cha kidole palikuwa na kitone chekundu, hata damu haikutiririka.

"Zima," akasema. "Ni huu wa chini."

Muksini akazima, akaja, akaona jinsi Nyandwi alivyokuwa akikitazama kidole. "Imekuchoma?"

"Imeingia."

"Inauma?"

Nyandwi akakunja kidole, akakikunjua. "Haiumi."

"Alhamdulillahi! Nikadhani yametukuta. Basi tufunge mpira, mzee, halafu tukatafute chakula."

Na Nyandwi, ambaye alijua kuliko mtu yeyote kati ya Mugoma na Nyakahura ni kitu gani kilichomwingia, akachukua spana. Hakudanganywa na mtu. Alihesabu tu kwamba kazi iliyobaki ni ya nusu saa. Ndoo ya kijiko wakailaza chini, akamwambia Muksini avichezeshechezeshe vishikio vya kuendeshea injini ikiwa imezimwa ili presha itoke. Akafungua nati ya kwanza, oili ikamwagika kwenye beseni. Akafungua ya pili, akauvuta mpira mbovu, akauona ulipokwaruzwa na chuma mpaka waya zikatokeza. Akafuta midomo ya viungo, akatia oringi mpya, akauingiza mpira wa Kahama. Mikono yake ilifanya kazi vizuri sana. Kidole kilikuwa kimeanza kukaza kidogo, kizito kidogo, basi.

"Bado haiumi?" Muksini akauliza, kwa adabu tu.

"Haiumi. Namalizia."

Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, na spana ikasimama.

Siku ile Odeta alipougua, Nyandwi alikuwa Rulenge, chini ya katapila, akifunga pampu. Odeta alikuwa ameumwa tumbo usiku kucha, na asubuhi Nyandwi alikuwa amemwambia akirudi watakwenda hospitali. Saa sita Odeta akapiga simu, sauti yake nyepesi. Tumbo limeacha kuuma, alisema. Ghafla tu limeacha, hata siamini. Maliza kazi yako, usikimbie bure. Nyandwi akafurahi. Alimwambia, "Vizuri, namalizia," na akamaliza kweli, akazikaza boliti zote, akaifuta pampu mpaka ikang'aa. Alifika nyumbani jioni, akamkuta amekunjamana, hajitambui. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, daktari alimweleza baadaye. Kikipasuka, maumivu huweza kuacha kwa saa chache, na watu hudhani wamepona. Walimfanyia upasuaji, sumu ilikuwa imeshatapakaa. Aliishi siku mbili.

Nyandwi alizitazama nati mbili. Kila moja ilibakiza mizunguko mitano, labda sita. Katika maisha yake hajawahi kuacha mashine ikiwa wazi, na alipenda jambo hilo lisemwe juu yake.

Akaiweka spana juu ya mnyororo wa kijiko.

"Muksini, nipeleke kituo cha afya."

"Sasa hivi? Si umesema haiumi?"

"Leta pikipiki."

"Mzee, zimebaki nati mbili! Nitawaambia nini wenye ng'ombe? Kaza hizi mbili tu, dakika kumi..."

"Mzee Fabiani alikatwa vidole vitatu kwa dakika kumi za namna hiyo," Nyandwi akasema. Hakupaza sauti. "Leta pikipiki, au nitakwenda kwa miguu."

Muksini akaziacha nati. Akaenda kuwasha pikipiki.

Kituoni palikuwa na kina mama watano na watoto wao. Muuguzi alikuwa binti mwenye miwani, mpole, amechoka. Akakishika kidole cha Nyandwi, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umechomwa na nini, babu?"

"Oili ya kijiko. Imetoka kwa presha, imeingia ndani. Inabidi nipasuliwe leo, isafishwe. Nahitaji hospitali kubwa."

"Shikamoo kwanza," akasema binti, akitabasamu. "Inauma?"

"Marahaba. Haiumi."

"Basi tulia pale kwenye benchi, nimalizane na watoto hawa, kisha nikusafishe na spiriti."

Alisema kwa wema, na yeyote angesema vivyo hivyo. Kitone chenyewe kilikuwa kama cha mbu. Muksini akageuka kulielekea benchi. Nyandwi hakugeuka. Wiki sita nzima hakuna aliyemsikia akitamka sentensi tatu mfululizo, na sasa maneno yalitoka kwa mpangilio kama alivyokuwa akiwaeleza wateja ubovu wa mashine.

"Binti yangu, mke wangu alikuwa anaumwa tumbo. Likaacha kuuma. Akaniambia haliumi, nami nikaamini, nikaenda kufunga boliti. Nimemzika, na hii ni wiki ya sita. Nakwambia haiumi, na ndiyo maana nimekuja mbio. Ikianza kuuma nitakuwa nimechelewa."

Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akasema taratibu, "Mpeni nafasi." Muuguzi alimtazama Nyandwi, akakitazama tena kidole, na safari hii akakibonyeza kuelekea kiganjani. Kilikuwa kimevimba, kigumu mpaka mzizini. Akainuka, akaingia ndani kumwita daktari, na ikasikika sauti ikiagiza gari liandaliwe kwenda Biharamulo.

Alirudi na karatasi ya rufaa, akaanza kuijaza haraka haraka. Jina. Umri. Kijiji. Saa aliyoumia. Nyandwi akajibu yote sawasawa.

"Mtu wa karibu, tumpigie nani nyumbani?"

"Odeta," akasema Nyandwi.

Binti akaandika. "Namba yake?"

Nyandwi aliijua kwa kichwa, ni yeye aliyemnunulia laini. Akaanza kuitaja, sifuri, saba, tano, na alipofika ya sita akakoma.  

Machozi yakaja bila sauti, mengi, yakashuka mashavuni hadi kwenye shati lenye oili, na Nyandwi hakujua la kufanya nayo. Wiki sita alikuwa ameyasubiri, akadhani hayamo.

"Jikaze, babu," binti akamwambia, akimshika bega. "Gari ndilo hilo linawashwa. Mkono wako utapona."

"Siyo mkono," Nyandwi akasema. "Mkono bado hauumi."