Mguu wa Gitaa

Mdogo wangu aliingia karakana asubuhi ya Jumatatu kwa kuupiga mlango teke, mikono yote miwili imeshika sanduku la gitaa lake. Teke ningemsamehe, maana sanduku lile ni zito kama maiti. Lakini shati lake lilikuwa na damu iliyokauka kifuani, na yeye hakuwa na jeraha.

"Limeniaibisha, dada," alisema, akalitua juu ya meza yangu. "Harusi nzima imenicheka."

Watu wa muziki humwita Machozi. Gitaa lake ni lile la kusimamishwa kwa miguu minne kama meza, nyuzi kumi juu, pedali chini ya viatu. Akikanyaga pedali uzi hupanda sauti, akiachia hushuka, na hapo katikati ndipo watu wazima hutafuta leso. Kulipiga ni kazi yake. Kulipaka mafuta na kulitunza ni kazi yangu, kama ilivyokuwa ya baba yetu kabla macho hayajamwishia.

"Hiyo damu ya nani?"

"Ya mtu asiyesikia." Alivuta kiti akakaa. "Nimemwambia mara mia, futa vumbi juu, chini usiguse. Kaenda kushika na mikono yake ya mafuta ya kupikia. Jumamosi nakanyaga pedali, uzi umepanda, nikiachia haushuki. Umeganda huko huko juu. Bwana harusi kaziba masikio."

"Mkeo yuko wapi?"

"Hospitali. Mbavu mbili. Mama yake kampeleka." Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza pancha ya baiskeli.

"Amekiri kwamba alishika?"

"Hakukiri, hakukana. Kakaa kimya tu, mpaka mwisho. Angekuwa hana kosa si angesema?" Akainama sandukuni, akatoa mmoja wa ile miguu minne, bomba la chuma la urefu wa mkono. "Na huu uunyooshe. Umepinda kidogo."

Niliupokea. Ulikuwa umepinda karibu na skrubu, na kwenye kiungo palikuwa na unywele mrefu umenasa. Nilijua kichwa ulikotoka. Nimekisuka kichwa kile mara nyingi, kizingitini kwangu, tukimsengenya huyu huyu aliyekaa kitini.

Mimi nina hasira, sifichi. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeuma meno. Lakini nilijizuia, nikaligeuza gitaa kifudifudi, maana nilitaka kwanza kujua ugonjwa.

Chini ya gitaa la aina hii kuna vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye pedali hadi upande wa kulia, ambako kila uzi umeshikwa na kipande cha chuma tunachokiita kidole. Vidole vyote vinacheza juu ya ekseli moja. Hapo sheria ni moja: tone la mafuta mepesi, yale ya cherehani, kisha unafuta linalozidi, basi. Grisi haiingii hapo hata kwa dawa. Grisi hukusanya vumbi, vumbi hukauka, kidole hung'ang'ania, na uzi uliopanda haushuki tena.

Nikamulika tochi. Kwenye ekseli palikuwa na uji mzito wa grisi uliochanganyika na vumbi na nyuzi za nguo. Ulikuwa wa buluu. Mafuta ya kupikia hayana rangi hiyo.

Grisi ya buluu niliipata kwa mchomeleaji wa jirani, ya kupaka bawaba za mageti. Miezi mitatu iliyopita mdogo wangu alisimama nyuma yangu akinihimiza, gari la bendi linapiga honi nje, ekseli inalia, na chupa yangu ya mafuta ilikuwa tupu. Nikachovya kidole changu kwenye kopo la jirani. Nilijiambia ni ya wiki moja tu, nitaisafisha. Nikasahau. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye ninayewaimbia wateja methali hiyo kutwa.

Kumbe mbavu mbili zile nilizivunja mimi, nimekaa hapa hapa na kikombe changu cha chai.

Ningeweza kunyamaza. Petroli kidogo, brashi, saa moja, angeondoka na gitaa zima na mimi ningebaki na jina langu. Lakini wifi yangu angetoka hospitali na kurudi nyumba ile akiwa na kosa langu mgongoni. Kila uzi ambao ungekatika kuanzia siku hiyo ungekuwa wake. Safari hii zilikuwa mbavu. Safari nyingine tungechimba kaburi. Niliogopa, nisidanganye.

"Si mkeo," nilisema. "Ni mimi. Niliweka grisi pasipowekwa grisi. Tazama."

Alitazama. Nilingoja aje juu kama moto wa kifuu. Akacheka kidogo, akaniwekea mkono begani.

"Basi, dada, yameisha. Fundi naye ni binadamu. Safisha tu, jioni nina kazi."

"Nenda hospitali kwanza ukamwambie."

"Nikamwambie nini?" Alishangaa kweli, ungemwona usoni. "Ameshapigwa."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia juu ya meza. Niliuinua ule mguu wa gitaa nikaushusha juu yake kwa nguvu zangu zote, nikasikia mifupa. Nikaushusha tena. Pigo la tatu lilimpata begani, maana alikuwa ameshanyanyuka, na hapo zamu ikawa yake. Ngumi yake ilinipata mdomoni. Nilianguka kwenye rafu, makopo yakanimwagikia, naye akaja juu yangu akanikaba koo kwa mkono uliobaki mzima. Huyu nilimbeba mgongoni. Nilimtafunia chakula. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu, na hakuachia.

Mchomeleaji ndiye aliyemtoa, kwa kumvuta mkanda wa suruali, miwani yake ya kazi bado usoni. Ilibidi amwite na mwenye duka la rangi. Walimkalisha chini wakamshikilia, naye anatukana na kulia, kakumbatia vidole vyake. Mimi nilitema jino, nikajifunga kanga mdomoni na kuondoka, meza nimeiacha ilivyo.

Wifi yangu alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe na kifua kimefungwa bandeji. Alipumua kwa vipande vipande. Mama yake aliponiona akatoka kutafuta maji.

Nilibaki na kanga yangu mdomoni.

"Wifi," nilisema, "ile grisi niliiweka mimi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Niliiona wiki nyingi nyuma, nikifuta. Ikanichafua kitambaa. Nani mwingine hushika huko chini?" Alimeza mate, akangoja maumivu yapite. "Jumamosi, alipotaja mafuta tu, nikajua."

"Na ukanyamaza? Anakuvunja mbavu, umenyamaza? Ungesema ni fundi wake."

"Angekuja kwako."

"Aje. Mimi ni dada yake mkubwa."

"Mimi nimezoea, wifi. Najua pa kuweka kichwa. Wewe hujazoea."

Nililia, na kamasi na damu vikalowesha kanga mpaka ikabidi niishushe nipumue. Yeye hakuwa amelia tangu Jumamosi. Mama yake aliniambia baadaye kwamba hata walipomfunga kifua hakutoa chozi. Aliutazama mdomo wangu uliopasuka, na pengo, na alama za vidole shingoni. Ndipo akalia.