Saa Nne, Mlangoni

Haya alinisimulia Salud mwenyewe mwaka juzi, wiki moja baada ya Pasaka, tukisubiri zamu kwa msusi, kichwa chake kimejaa vibanio. Mimi sikuongeza kitu.

Salud na mdogo wake Valle walikuwa hawasemeshani miaka tisa, tangu mazishi ya mama yao, Valle alipomwambia mbele ya watu, "Kumzika umekuja. Kumuuguza je?" Basi Jumapili moja simu ikalia.

"Ni mimi. Jumanne saa nne, kwenye kasri. Mlangoni." Ikakatwa. Salud hajajibu hata naam.

Jumanne akavaa viatu vya kanisani, akafika mapema. Sasa, baba yao alikuwa mtunza bustani pale kasri, jumba la zamani la wafalme, na utotoni aliwaingiza kwa mlango wa Ua wa Bendera, ambao siku hizi ni wa kutokea tu. Salud aliufikiria huo. Kisha akajiambia, Valle ni mtu wa mambo ya kisasa, amenicheka maisha yangu yote kwa kung'ang'ania ya zamani. Atakuwa na maana ya Mlango wa Simba, wanakoingia watu wote. Akasimama huko, chini ya ukuta mwekundu.

Wageni walipita na kofia zao. Ikafika saa nne, ikapita. Mlinzi akamwuliza, "Mama, unaingia au unalinda ukuta? Kama unalinda, tugawane mshahara."

"Namngoja mtu."

"Mwanamume?"

"Mdogo wangu wa kike."

"Aa, basi huyo atachelewa zaidi."

Saa tano akaonyesha kitambulisho, maana wenyeji hawalipi, akaingia. Labda Valle ametangulia. Kwenye Ua wa Wanawali watu walikuwa wakipiga picha matao yakijitazama majini. Yeye alitazama nyuso. Kila kichwa chenye mvi kilipogeuka, kilikuwa cha mtu mwingine. Akashuka kwenye birika kubwa la maji lililo chini ya ardhi, ambako zamani waliita majina yao ili yawarudie. Akaita kwa sauti ndogo, "Valle." Jina likarudi, na msichana mmoja wa kigeni akageuka, akamtabasamia. Salud akaona haya, akapanda juu haraka.

Bustanini alikaa kwenye benchi la vigae, karibu na uzio wa vichaka vya mihadasi ambao baba alikuwa akiukata. Wachumba wawili wakampa simu awapige picha. Akawapiga, wakashukuru, wakaenda zao. Tausi akapita mbele yake, hata hakumtazama.

Njia ya kutoka ni moja. Pale Ua wa Bendera mwanamke mmoja alikuwa akifagia maua ya michungwa. Alimtazama Salud, akaacha kufagia.

"Mama, una mdogo wako aliyefanana nawe pua?"

"Ninaye."

"Alisimama hapo ulipo tangu saa nne kasorobo hadi saa tano na nusu. Nikamwambia, mama, huku watu wanatoka, hawaingii. Akaniambia ninyamaze, dada yake hajui mlango mwingine."

Salud akavuka daraja kwa miguu mpaka Triana, mtaa anakokaa Valle, jua la mchana juu ya kichwa. Akabonyeza kengele. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo haujatolewa.

"Nilikuwa Mlango wa Simba," Salud akasema.

"Wewe? Wewe usiyetaka hata simu ya mkononi? Ukaenda kupanga foleni na watalii!"

"Nilidhani huko ndiko utakakokwenda wewe."

Valle akatoa mnyororo. "Mimi miguu imevimba, dada. Nakwenda kulala. Kuna supu baridi ya nyanya kwenye friji." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Salud alikunywa supu amesimama. Akaosha bakuli, hakujua linakaa kabati gani, akaliacha kando ya sinki. Hakuambiwa akae, hakuambiwa aondoke. Alisikia kitanda kikilia, kikohozi kimoja, kisha mkoromo ule ule wa ujana.

Madirisha yamefungwa kuzuia joto, sebule giza. Akakaa kwenye kochi na viatu vyake, mkoba mapajani, kama mtu wa kusubiri hospitalini. Valle akiamka, yeye Salud ndiye atakayeanza kusema. Ataanza na mama, na zile wiki ambazo hakuja. Alilitafuta neno la kwanza, akapata moja, akaliacha, akatafuta jingine, mpaka kichwa kikaegemea mkono wa kochi, na usingizi ukamchukua.