Taa ya Tangi la Papa

...hapana, wati thelathini na sita ni nyingi mno, Nafula aliliona hilo kabla Abdulfatah hajamaliza kuichomoa taa kwenye boksi, tangi lenyewe la samaki ni la lita sitini, kioo cha futi mbili, si uwanja wa mpira, na mimea iliyomo ni ile ya majani mapana inayofungwa kwa uzi juu ya mawe, inaota jani moja kwa mwezi na kuridhika, haidai mbolea wala hewa ya mtungi, inadai mwanga mdogo wa saa sita kwa siku halafu iachwe ilale, wati kumi na mbili zinaitosha na kubaki, na Nafula hakuwa mtu wa kubabaishwa kwa mambo ya mwanga, miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa stima katika mji huu wa Kakamega, amefunga taa makanisani na kwenye saluni, amefunga taa za kupashia vifaranga joto, amepanda ngazi akiwa na mimba ya miezi saba na kuunganisha ukumbi mzima wa harusi huku bwana harusi akitetemeka chini, tangu Lurambi hadi Khayega hakuna aliyeweza kumfundisha taa ni kitu gani, kwa hiyo alizishika zote mbili, ndefu mkono wa kulia, fupi mkono wa kushoto, akazigeuza, akasoma maandishi madogo mgongoni, akajua tayari ni ipi, na bado akaendelea kuzishika zote mbili.

“Hii ndefu ina rimoti, Fundi,” Abdulfatah alikuwa akimweleza kwa upole kutoka upande wa pili wa kaunta, mtu wa Mumias huyu, muungwana, hakusukumii bidhaa bila kwanza kukuuliza habari za nyumbani, upande mmoja wa duka lake soketi na nyaya, upande wa pili samaki wadogo wakizunguka kwenye vioo vyao, “mzee atabadilisha rangi akiwa amekaa kitini, bluu, nyekundu, anayotaka,” ...na Papa, babake mzazi, atafanyia nini bluu, Papa aliyekataa hata simu ya kugusa akasema vidole vyake vimezoea vitufe vya kubonyeza, lakini ni Papa huyohuyo aliyepiga simu jana asubuhi akasema, Nafula, uniletee taa yenye nguvu, hii imezeeka, na Nafula akamwambia nitaleta Papa, kwa sababu mzee ni mzee, humbishii kwenye simu, ingawa alijua vizuri kwamba taa ile haikuwa imezeeka, aliifunga mwenyewe mwezi wa tatu, wati ishirini na nne, na kuifunga kwenyewe alikufanya shingo upande, maana ile ya kwanza, ndogo, ilikuwa sawasawa, aliipima kwa mita siku hiyo, stima inafika, taa inawaka inavyotakiwa, lakini Papa alishikilia kwamba ni hafifu, basi akabadilisha, na mwezi haukuisha kabla maji hayajalipiza, kioo chote kikashika utando wa kijani, mwani juu ya mawe, mwani juu ya majani mapana hadi yakaonekana kama yamevishwa sweta, na tangu hapo kila Jumapili ya pili anaposhuka Butere anakunja mikono ya gauni la kanisani na kukwangua kioo kwa kadi kuukuu ya simu, maana Papa hawezi kuinua ndoo, mgongo wake hautaki, na Zilpah anayempikia anaogopa samaki utadhani ni nyoka.

Ndiyo sababu Nafula alikuja dukani na mpango wake kamili kichwani, taa ndogo nyeupe, taima ya kuiwasha saa nne na kuizima saa kumi, samaki sita wasizidi, mimea mizee isiyo na haraka, tangi linalojilea lenyewe, na mpango huo hakuutoa hewani, aliupata kwa Papa mwenyewe, Mzee Shitanda, aliyetumikia maabara ya shule kule Butere miaka thelathini na mmoja, akiosha chupa za vioo na kuwatayarishia watoto wa watu vyura wa kupasua, na dirishani mwa maabara hiyo lilikaa tangi hili hili, na Nafula alikuwa na miaka tisa, viatu vimejaa matope, akauliza kwa nini taa isiwashwe siku nzima ili samaki wapendeze, na Papa akainama akamwambia, “Mwanga ni chakula, si pambo. Ukipakua kupita kiasi, kinachobaki kinaliwa na nani? Nyumbani ni nzi. Kwenye maji ni mwani,” na alipostaafu walimu wakampa tangi kama kumbukumbu, akalisukuma nyumbani kwa mkokoteni, maji yakiwa nusu na samaki ndani, watoto wakimfuata barabara nzima, na tangu hapo akiwapa samaki majina, Karani, Mpishi, Inspekta yule mwekundu asiyeacha pembe bila kuikagua, na doa la kijani dogo kama punje ya uwele likijitokeza kiooni, Papa alilifuta kabla ya chai, hakuweza kunywa chai doa likiwa pale...

...hakuweza kunywa chai doa likiwa pale, na Jumapili iliyopita kiti chake kilikuwa karibu na kioo, magoti yanakigusa, kioo chote kimekuwa ukuta wa kisima, na Papa anakunywa chai. Anasema maji yametulia.

“Ama niziwashe uone mwenyewe?” Abdulfatah aliuliza, na hakungoja, alichukua ile ndefu akaichomeka kwenye soketi ya ukutani, duka likafurika weupe, kila mkwaruzo wa kaunta ukajitokeza, vumbi juu ya maboksi, nywele za mikono ya Abdulfatah, samaki wake wakakimbilia chini ya mawe, na Nafula akageuza uso kwa kuumizwa, wati thelathini na sita kwa umbali wa mkono mmoja, lakini hata ishirini na nne kwa umbali huo zinachoma, na Papa huketi hapo, pua kiooni, pua kiooni, halafu anasema ni giza, mita inasema taa ni nzima, mara ya kwanza nzima, mara ya pili nzima, na wewe Nafula, wewe unayewaambia wateja kila siku msiwe wajinga wa kubadilisha balbu, stima ikifika na balbu ikiwa nzima na bado chumba ni giza, acheni balbu, kosa liko kwingine, wewe umesimama hapa unanunua balbu ya tatu. Alishika ukingo wa kaunta. Abdulfatah alikuwa akisema kitu kuhusu warantii, mwaka mmoja, ukiirudisha na risiti, na maneno yakapita kama ya redio ya jirani, maana Inspekta alikuwa amekufa, ndiyo, Zilpah alipiga simu siku ya Jumanne akinong’ona, akasema samaki mwekundu ameelea, Mzee yuko kwa jirani, nifanyeje, mimi huogopanga kumwambia vitu kama hivyo, na Nafula akamwambia mtoe tu, mzike chini ya migomba, nitamwambia mwenyewe, na Jumapili alipofika, kabla hajafungua mdomo, Papa alikuwa amekaa na kiganja juu ya kioo akasema, “Inspekta leo amenenepa. Mwone anavyozunguka,” na Nafula akacheka, akajiambia anamchanganya na mwingine, akamwacha na furaha yake, lakini wengine wote ni weusi na wa kijivu, hakuna mwekundu wa kuchanganywa naye, hakuna.

Na kidole. Kidole cha shahada ndani ya kikombe anapojimiminia chai, maji ya moto yakigusa ncha anaacha kumimina, na Nafula aliona, akafikiri ni mazoea ya maabara, kupima joto. Na hatua, Papa akitoka mlangoni kwenda chooni huwa midomo inacheza, ishirini na moja, ishirini na mbili, na yeye bintiye akasema moyoni, Papa siku hizi anasali sana. Na Mzee Wanzala aliyemsimamisha Nafula nje ya kanisa akilalamika kwamba babako ana maringo siku hizi, tunapishana njiani hanisalimu mpaka nianze mimi, na Nafula akamtetea, akasema Papa ana mawazo tangu Mama afariki. Na miwani mipya aliyomnunulia mwaka jana, ikikaa juu ya Biblia, safi, haina hata alama ya kidole, maana nani hugusa kitu kisichomsaidia. Na Kukhu, mamake Papa, aliyemaliza miaka yake kumi ya mwisho kwenye kona ya jikoni kwa mwanawe mkubwa kule Lumakanda, mbali na shamba lake, akihamishwa kutoka kiti hadi kitanda na kitanda hadi kiti, macho yake kama maziwa, na Papa akirudi kutoka kumwona hakula obusuma, yaani ugali, siku mbili, wote nyumbani walijua, Papa akitoka Lumakanda msimpakulie...

...basi Papa alijua mwanzo wa upofu, alijua unavyoanza na unakoishia, na akaamua kuuficha, kwa nini aufiche, kwa nini amfiche Nafula ambaye angempandisha gari siku hiyohiyo hadi kwa daktari, na jibu lilikuja bila kuitwa, likiwa na sauti yake mwenyewe Nafula, ile ya kukata mambo, ya mtu aliyezoea kuwaambia wenye nyumba wapi soketi itakaa, jioni ya siku walipomzika Mama, watu wametawanyika, sufuria zimefunikwa majani, akasema akiwa amesimama mlangoni, “Papa, siku utakaposhindwa kujiangalia hapa, siulizi mtu, nakuja na pikapu nikuchukue,” na alisema kwa upendo, Mungu anajua, alisema kama mtu anayeahidi zawadi, na Papa akauliza kama ameshakunywa chai. Miaka miwili. Miaka miwili mzee amekuwa akiilinda nyumba yake dhidi ya pikapu ya bintiye, anahesabu hatua, anatumbukiza kidole kwenye chai ya moto, anamsifu samaki aliyekufa, na kila giza lilipopiga hatua mbele, yeye aliomba taa yenye nguvu zaidi, si kwa uzee wala ubishi, alikuwa anajaribu, alikuwa anapima, kama fundi.

Macho ya Nafula yalijaa, akayaacha yajae, mwanga wa taa ndefu ulikuwa kisingizio kizuri, na Abdulfatah, kwa uungwana wake, aliizima na kuanza kupangapanga maboksi yaliyokuwa yamepangika. Na katika ule upungufu wa mwanga uliofuata, Nafula alianza kupanga kazi. Kosa likishaonekana, nusu ya kazi imekwisha, hilo alilijua kwa mikono yake. Hakuwa daktari, hakujua ni kipi kilichoharibika kwenye macho ya Papa wala kama kinatengenezeka, pengine kilichokwenda kimekwenda, lakini alijua kwamba kilichobaki hulindwa, na kwamba Jumatatu kliniki ya macho inafungua saa mbili, naye angekuwa pale saa moja, amemshika mkono au hakumshika, kama Papa mwenyewe atakavyotaka. Na nyumba ile aliijua waya kwa waya, angepiga mafundo kwenye kamba na kuivuta kutoka mlangoni hadi chooni, angezungushia ukingo wa ngazi mkanda wa njano, njano huonekana hadi mwisho, angeondoa ile meza ya katikati ambayo hakuna aliyewahi kuipenda, angemwambia Zilpah kiti kikiguswa kirudishwe mahali pake, na samaki akifa mzee aambiwe samaki amekufa. Hayo yote aliyaweza. Hayo yalikuwa kazi yake.

Na tangi libaki, mtu asithubutu kuliondoa, kiganja cha Papa juu ya kioo hakikuwa cha kujifanya, filta ikinguruma kioo hutetemeka kidogo, na maji yanapodondoka kutoka kwenye bomba lake dogo yana sauti ya kijito kilicho nyuma ya shule, huenda Papa huketi pale akisikiliza, huenda anaona kivuli kikipita, huenda haoni lolote, hilo angelijua akiuliza tu, na ajabu ni kwamba hajawahi kuuliza, mwaka mzima amepima taa na hakumuuliza anayeitazama. Taa basi iwe ya mimea. Ile fupi, wati kumi na mbili, saa sita kwa siku, mwani ufe njaa, maji yarudi kuwa maji, na Papa ataambiwa wazi kwamba hii ni ndogo kuliko ile, Papa, kwa sababu taa haikuwa na kosa, na wewe ndiye uliyenifundisha, na atauliza kama ameshakunywa chai, Nafula alilijua swali hilo, na safari hii Nafula ataketi anywe, hatasimama mlangoni.

“Kwa hiyo tunafunga ndefu, Fundi, au bado unatafakari?” Abdulfatah aliuliza, naye Nafula alikuwa palepale, ndefu juu ya kaunta, fupi mkononi, mtu anayejua anachonunua, ila midomo ilikuwa ikicheza bila sauti, akiyapanga maneno ya kesho yasije yakatoka kwa ile sauti yake ya kukata mambo, akiyageuza, akiyapunguza, hapana, asianze na daktari, asianze na Inspekta, asianze na Papa kwa nini hukuniambia, kwanza amwambie nyumba ni yako na hakuna pikapu itakayokuja, aseme hivyo, anyamaze, angoje hadi Papa aamini, kwanza nyumba, ndipo macho.