Kabla Glasi Haijatua

Msumeno ulikuwa umelazwa juu ya pipa, meno yakitazama dari, na seremala mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kreti tupu akichokonoa meno yake kwa kibanzi. Hakuwa mtu mbaya. Aliitwa aje kuyapasua mapipa mawili ya mwaloni ayageuze meza za baa, halafu akaambiwa asubiri kwanza watu watatu waonje kilichomo. Akasubiri kama mafundi wote wanavyosubiri: kwa kuhakikisha unamwona anasubiri.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao watatu. Na kilichokuwa ndani ya mapipa kilipikwa na binti yangu.

Nieleze upesi, maana sipendi hadithi za kuzunguka mbuyu. Kiwanda chenyewe cha bia kilikuwa kidogo, ghala la bati lenye matangi ya chuma yanayong'aa na sakafu isiyokauka. Mwenye kiwanda aliyanunua mapipa yale yakiwa yameshalaza pombe kali za watu wengine miaka na miaka, kwa sababu tu aliona picha ya baa yenye meza za mapipa, roho ikaipenda. Binti yangu, mpishi mkuu wa bia pale, akaingiza pua ndani ya pipa moja na hakutaka kuitoa. Akaomba ayajaze kwanza bia nyeusi, stauti, ile nzito na kali wanayoiita ya kifalme, ilale mle ndani inyonye mbao. Bosi akakubali, lakini mpaka baa itakapokaribia kufunguliwa, si zaidi.

Baa ikakaribia. Makubaliano yakawa haya: waonjaji wakiipitisha, bia itiwe kwenye chupa na mapipa yajazwe tena. Wakiikataa, imwagwe mtaroni, na seremala aingie kazini.

Karibu mwaka mzima wa kungoja, uamuliwe na glasi tatu.

Mwonjaji wa tatu, baada ya bosi na meneja wa baa yake, alikuwa mhasibu wao, na siku hiyo mafua yalikuwa yamemziba pua. Ndipo simu yangu ilipolia.

"Mama, una kazi leo?"

"Nimestaafu. Kazi gani?"

"Njoo uonje."

"Mimi ni mama yako. Watu watasema nini?"

"Wewe njoo tu," akasema. "Vaa viatu vya kufunga. Sakafu inateleza."

Kuonja ndiyo kazi iliyonilisha. Nilipomaliza stashahada yangu ya teknolojia ya vyakula niliingia maabara ya kiwanda cha juisi, nikatoka humo siku niliyopewa saa ya ukutani na keki ya kustaafu. Keki ilikuwa na chumvi nyingi, niliwaambia. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kasoro. Juisi ikiwa nzuri, mwonjaji hana la kusema, anaiacha ipite. Na mazoea ya kazini hayavuliwi mlangoni pamoja na koti jeupe. Wanangu walikua wakijua kwamba nikikaa kimya juu ya chakula chao, wamefaulu. Nikifungua mdomo, kuna jambo.

Bosi aliponiona nikiingia alicheka. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya barabara.

"Mpishi! Mama mzazi ndiye mwonjaji? Kesi ya nyani hakimu ngedere?" Kisha akanitazama mara ya pili, na kicheko kikamwishia kooni. "Subiri kwanza. Wewe si yule mama wa mananasi?"

"Mwenye mananasi ulikuwa wewe," nikamjibu. "Mimi nilikuwa na kipimo."

Zamani, kabla hajajua bia, alikuwa akituletea matunda pale kiwandani. Siku moja nilimrudishia lori zima. Alilalamika mpaka kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akayaonja, akatema.

Bosi akamgeukia meneja wa baa yake, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. "Huyu apite. Huyu hata malaika akimletea maji, atamwuliza yamechotwa lini."

Binti yangu hakucheka. Alikuwa akipanga glasi, mgongo umenyooka, mikono imetulia mno. Nilimzaa mimi. Mikono yake ikitulia namna ile, ujue moyo unakimbia.

Sheria ya kuonja pale ilikuwa moja, na aliitunga yeye. Mwanzoni, alinieleza, kila walipoonja, bosi alisema la kwanza kwa ile sauti yake, na wengine wote ghafla wakagundua kuwa wana ulimi kama wake. Binti yangu akapiga marufuku maneno. Bosi akigonga meza, mkutano umefunguliwa, na hakuna wa kusema: si mwonjaji, wala mpishi, mpishi hasa. Kila mtu anaonja kwa muda wake. Akimaliza anaweka glasi mezani, na ikishatua hainyanyuliwi tena. Glasi tupu ni ndiyo. Iliyobaki na kitu ni hapana. Na zote tatu lazima ziwe ndiyo.

Sheria nzuri. Ningeitunga mimi ningeona fahari. Shida ya sheria nzuri ni kwamba inamfunga na aliyeitunga.

Glasi ya tatu ilikuwa na ufa, basi binti yangu akaingia stoo kuibadilisha, akakawia kuipata nyingine. Bosi kwa ukarimu wake akaona jagi la bia iliyochotwa pipani limekaa tu mezani likipata joto kama mgonjwa. Akalichukua akaliingiza kwenye friza. Kwake yeye bia ni baridi, na ikiwa baridi mpaka meno yaume ndiyo heshima kwa mgeni. Binti yangu aliporudi akakuta jagi halipo. Alisimama na glasi yake mkononi, akatazama meza, akatazama mlango wa friza, lakini bosi tayari alikuwa analitoa, linatiririka jasho, na mkono wake wa pili unagonga meza.

Ko, ko, ko.

Mkutano ulikuwa umefunguliwa.

Nilimwona akifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha. Kisha akaufunga, akamimina bia, akarudi nyuma akasimama ukutani, mikono mgongoni. Alikuwa na kila sababu ya kuvunja sheria yake, na hakuivunja. Sijui wengine waliona nini pale ukutani. Mimi nilimwona mtu mzima.

Ilikuwa nyeusi kama mafuta ya injini, na povu lake la kahawia lilikuwa jembamba. Nilionja. Baridi kwanza, baridi tena, halafu uchungu wa kitu kilichoungua. Basi. Ungedhani umelamba sufuria iliyosahauliwa jikoni. Bosi alikunja uso. Meneja wa baa alimeza kwa adabu, kisha nikaona mkono wake unaanza kushuka kuelekea mezani, na glasi karibu imejaa.

Nilimtazama.

Nilimtazama kwa lile jicho nililowapa vijana wa maabara waliotaka kuandika majibu kabla kipimo hakijaisha. Mkono ukasimama hewani. Kisha, pole pole, ukapanda. Sheria ilikataza maneno. Macho haikuyataja.

Mimi mwenyewe sikuweka glasi wala sikunywa. Niliikumbatia kwa viganja viwili, nikakaa.

Nataka hapa nieleweke. Sikufanya vile kumwokoa mwanangu. Nilifanya vile kwa sababu ndivyo kasoro inavyotafutwa. Baridi ni kama adabu za ugenini. Mtu humjui mpaka apate joto. Juisi iliyoanza kuchacha, ukiionja ikiwa baridi itakudanganya mchana kweupe. Kwa hiyo sampuli niliziacha zipoteze baridi yake kwanza, na zikiharakishwa nilizishika hivyo hivyo, viganjani. Binti yangu alikuwa akiniona. Likizo za shule, pakiwa hapana wa kumwachia, nilikwenda naye maabara nikamkalisha kwenye stuli.

"Mama, mbona hunywi?"

"Naingoja."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi. Inakuja."

Sasa alikuwa ukutani, na alipoiona mikono yangu aliinamisha macho. Alijua ninachotafuta. Kama kilikuwemo, ningekipata, na ningeiweka glasi ikiwa imejaa mbele ya bosi wake, seremala na ule msumeno.

Tukakaa. Tangi moja lilikohoa hewa. Seremala akachoka.

"Kwani tunangoja nini?"

Yeye hakuwa mwonjaji, sheria haikumhusu. Bosi naye alisahau kuwa yeye inamhusu.

"Huyu mama anangoja."

"Anangoja nini?"

"Yaulize mananasi yangu."

Ndipo na wao, kwa kukosa la kufanya, wakazishika glasi zao kama nilivyoishika yangu. Watu wazima watatu tumekumbatia bia kama wagonjwa wa homa na uji.

Nilipoionja tena, nilikuwa tayari kwa lolote. Siki, maana mbao huweza kupenyeza hewa. Ukungu. Harufu ya karatasi iliyolowa. Na ukali mtupu wa pombe, ule unaopanda puani na kufunika dhambi nyingine zote.

Kilichokuja kwanza ni kahawa iliyokaangwa, halafu sukari guru inayoyeyuka polepole ikielekea kuungua, isiungue. Nyuma yake vanila, ambayo hakuna aliyeitia. Pipa ndilo lililoitoa kifuani mwake. Nikasikia mbao zenyewe, kavu, kama kabati la zamani ukifungua mlango. Uchungu ule wa sufuria ulikuwa bado upo, lakini sasa ulikuwa umekaa mahali pake, ukiushikilia utamu usianguke. Ilikuwa nzito ulimini na ilishuka na moto wake wa taratibu hadi kifuani, kisha, nilipodhani imekwisha, ikarudi tena.

Nikatafuta kasoro. Nikaitafuta kwa haki yote. Mwishoni kabisa nikaipata, ndogo: kijiukali, kama kichwa cha msumari kilichobaki nje ya ubao.

Nikanywa mpaka chini. Nikaweka glasi.

Kazini kwangu nilitema maisha yangu yote. Sikuwahi kumeza sampuli.

Meneja wa baa alikuwa ameshamaliza yake na anakagua chini ya glasi kama aliyeangusha kitu. Bosi alimaliza wa mwisho, macho ameyafumba. Aliiweka glasi tupu taratibu mno kwa mtu wa sauti ile, hata haikutoa mlio. Kisha akamwambia seremala:

"Fundi, meza za kawaida unazijua?"

"Za miguu minne? Ndizo nilizozaliwa nazo." Seremala alisimama, akauchukua msumeno wake, akainusa ile glasi iliyotangulia kuwekwa. "Na mimi je? Nimekaa na kiu tangu asubuhi, hamna hata pole?" Akapewa. Alikunywa amesimama, akalitazama pipa. "Nami nilikuja kulikata hili," akasema, kama anayejisemea.

Awali, siku binti yangu alipoacha kazi yake ya kiwanda cha maji ya chupa, kazi ya ofisi yenye kiyoyozi, wifi yangu alikuja nyumbani asubuhi mapema kunipa pole. "Mama stashahada, mtoto shahada, na mwisho wake mpika pombe." Nilimwambia kupika pombe nako kuna wanaojua na wasiojua, yeye ahangaike na wanawe wasiojua hata kupika chai. Maneno ya mdomoni. Usiku wake sikulala vizuri. Siku hizi wifi yangu huyo huyo ana chupa mbili kabatini, zenye picha ya pipa, na mgeni akija huzitaja kabla hajamkaribisha kiti. "Za mtoto wetu," husema. Wetu! Namwacha. Sifa ikiwa nyingi, ya kumgawia jirani haikosekani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, bosi na meneja walipotoka na seremala kwenda kupima meza za miguu minne, tulibaki wawili. Binti yangu alitoka ukutani akaja kukaa kwenye kreti, mbele yangu, magoti yakikaribia kugusana.

"Haya," akasema. "Sema kasoro."

"Ni tamu, nani kasema ina kasoro?"

"Mama. Nakujua."

"Mwisho wake unachoma kidogo. Padogo sana. Wengine hawakupasikia."

"Najua," akasema. "Palitaka mwezi mmoja zaidi, mbao zipalambe. Nilimwomba bosi mwezi, akasema meza haziwezi kungoja."

Nilimtazama. Alisema vile bila kujitetea na bila kuona haya, kama unavyomtajia mtu saa ngapi sasa. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vya kujaza ukuta, na sikuwahi kukutana na aliyekipata kile kichwa cha msumari mahali pale pale nilipokipata mimi. Nilikuwa nimekwenda pale kuionja bia. Sikujua kwamba nitakaa mbele ya ulimi wangu mwenyewe, umepewa uso mwingine na miaka mingine.

Ningeweza kumwambia hayo. Wapo akina mama wanaojua kuyasema.

Nilisukuma glasi yangu kuelekea kwake.

"Ongeza."

Aliitazama ile glasi. Alinitazama mimi. Alikuwa amenijua miaka yake yote, na hakuwahi kunisikia nikiomba cha pili cha kitu chochote.

"Mama, taratibu. Hiyo ni kali."

"Na mimi je, ni maji?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza siku nzima. Akaliinua jagi, lililokuwa bado na ubaridi tumboni, akamimina kidogo. Lakini hakunipa. Aliikumbatia glasi kwa viganja viwili, akaiegemeza kifuani, akiingoja ije.