Risasi Zilizosimama Chumba cha Majaribio

Jumanne saa tatu asubuhi Fundi aliisimamisha springi ya bastola juu ya mizani ya jikoni, akaikandamiza kwa kijiti mpaka ikafika kimo chake cha kazi. Mizani ilisoma kilo nane. Akaiachia, akaikandamiza tena. Kilo nane.

Springi hiyo ilitoka kwenye bastola ya mkwe wake, mume wa bintiye wa pekee. Alikuwa mlinzi wa kampuni ileile ambayo Fundi aliitengenezea bastola, na wenzake walimwita Kimya kwa sababu hakunyamaza hata akiwa anakula. Siku tisa zilizopita, kwenye lango la kiwanda alichokuwa akikilinda, alifyatua mara moja tu. Bastola ikakwama. Watu waliomjia hawakukwamiwa na chochote.

Ripoti ya kampuni ilikuwa bado haijapigwa mhuri, lakini kila mtu karakana alishajua imeandikwa nini: springi ngumu kupita kiasi. Watu wakawa wanapunguza sauti Fundi akipita. Binti naye, tangu mazishi, alikuwa amemwuliza mama yake swali moja tu.

"Mama, ile bastola uliifunga wewe?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu."

Binti alimkata jicho, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu. Ule utaratibu ndio uliomwuma Fundi.

Kazi yenyewe haina mafumbo. Risasi ikilipuka, nguvu yake husukuma kipande cha juu cha bastola kirudi nyuma, ganda tupu likaruka nje. Kisha springi hukirudisha mbele kikiwa kimebeba risasi nyingine. Springi laini kwa risasi kali, chuma kitagonga chuma mpaka bastola ipasuke. Springi ngumu kwa risasi dhaifu, kipande kitaishia njiani na ganda litabanwa mlangoni pake pa kutokea. Kilo nane ndizo zilizofaa risasi zilizoandikwa kwenye boksi zilikotoka za Kimya. Basi ama Fundi alikosea, ama boksi lilikuwa linasema uongo.

Aliliomba boksi stoo. Mtunza stoo, ambaye kwa kawaida hutoa kitu bila kuinua kichwa, safari hii aliuliza la nini. Machale yakamcheza Fundi.

"La kujaribia," alisema.

"Zilikuja hivyohivyo, dada. Mimi napokea tu."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza zilikujaje.

Chumba cha majaribio kilikuwa kirefu na chembamba, na mwisho wake mifuko ya mchanga. Fundi alirudisha springi, akavaa vifunika masikio, akafyatua. Bastola ilikwama, ganda likiwa limebanwa mlangoni kwa ubavu. Risasi ilikwenda hatua nne, ikasimama hewani usawa wa kifua.

Alingoja ianguke. Haikuanguka. Akachukua daftari, akaandika: *Ya kwanza, hatua nne. Imesimama.* Alilitoa ganda, akafyatua tena. Ikakwama tena. Risasi ya pili ikasimama karibu na mwenzake.

Akamwita mtunza stoo. Yule bwana alizizunguka risasi, mikono mgongoni.

"Zimechoka," alisema, akaangalia saa yake na kuondoka.

Fundi alibaki na boksi. Lebo yake ilikuwa nyeupe mno kwa boksi lililosuguka pembe. Aliibandua kwa kucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya manjano: *Za mazoezi. Baruti nusu.*

Meneja alifika baada ya chakula cha mchana. Aliinama kuzipita risasi, akakaa kwenye stuli, akaanza kubandua gundi iliyokaukia kwenye kidole gumba. Fundi aliitazama ile gundi. Meneja akaona anatazamwa, akakitia kidole mfukoni.

"Tatizo ni nini, Mama Fundi? Ganda halitoki?"

"Halitoki, bosi. Na risasi haifiki."

"Nimeuliza ganda. Wakaguzi wanakuja Alhamisi kuangalia kama bastola zinakwama. Weka springi laini."

"Na Kimya?"

"Ripoti lazima iseme kitu. Tunaweza kuandika springi, tunaweza kuandika mkono wa marehemu ulilegea. Wewe ni mtu wetu wa miaka mingi. Chagua."

"Andika risasi."

Meneja alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia utani wa mtoto.

Jioni hiyo Fundi alimleta binti yake karakana. Alimwingiza chumba cha majaribio. Binti alisimama mbele ya risasi ya kwanza, akaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa vuguvugu. Aliisukuma, haikusogea. Akahesabu hatua kurudi mpaka alipokuwa amesimama mama yake.

"Waliomjia walisimama mbali kiasi gani naye?" aliuliza Fundi.

"Walioona wanasema kumi." Binti akakaa sakafuni. "Kwa hiyo hata isingekwama..."

"Hata isingekwama."

Alilia, na safari hii alimwachia mama yake amshike.

Fundi aliandika ripoti yake mwenyewe ya mistari mitatu, akaambatisha lebo zote mbili, akaipeleka ofisini. Meneja aliisoma, akamshukuru, akaitia kwenye faili. Ripoti ya kampuni ilitoka Jumatano. Ilisema springi na mkono.

Fundi alikuwa ameapa kutogusa springi laini. Waliombadilisha nia ni walinzi wenyewe. Walikuja sita, kofia mkononi, wakasema risasi nyingine hawatapewa. Afadhali bastola ilie mara kumi na tano kuliko mara moja, huenda mtu akaogopa mlio. Alizifunga za kilo tano, moja moja.

Alhamisi wakaguzi wawili walifyatua magazini nzima. Hakuna kilichokwama. Maganda yaliruka vizuri, na risasi kumi na tano zikajipanga hewani pamoja na zile mbili za mwanzo. Mkaguzi mmoja alitobolewa kofia na mojawapo alipoinama kuzipita wakati wa kutoka, akaomba zipakwe rangi nyekundu ili watu wasijiumize. Wakasaini.

Zilipakwa rangi. Wiki iliyofuata karani mpya wa malalamiko alipewa chumba hicho, akasogeza meza yake kidogo upande wa dirisha.

Aliyepangiwa lango la Kimya alikuja kuchukua bastola yake Jumatatu. Aliipima mkononi, akavuta kipande cha juu, akakiachia. Kilirudi bila shida.

"Laini kweli," alisema. "Fundi, hii inafika wapi?"

"Hatua nne."

Mlinzi alifikiri, kalamu juu ya kitabu.

"Basi itabidi niwasogelee," alisema, akasaini, akatoka kwenda kazini.