Nta kwenye Tangi la Eneida

Mashine ya boti ilikohoa, ikaishiwa nguvu kidogo kidogo, ikazima. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, katikati ya Mto Atrato, mbele ya boti zote za kijiji, na Eneida alitamani kuing'oa aitose majini. Tangu enzi za mababu, Bikira wa Karmeli, sanamu ya Mama Maria, alibebwa kwenye boti za wanaume tu siku ya sikukuu yake. Mwaka huu, baada ya ugomvi wa kutoana macho, wakakubali apande boti ya mwanamke. Na sasa yule mwanamke alikuwa anaelea na maji, yeye na Bikira wake na maua yake ya karatasi.

Boti ya Heriberto, aliyembeba Bikira mwaka jana, ilisogea ubavuni. Heriberto alitabasamu tu, na tabasamu lile lilimchoma Eneida kuliko tusi.

Hasira zikatafuta pa kutua, zikamwangukia Plinio, kaka yake, fundi wa mashine wa kijiji kizima, aliyeihudumia mashine ile juzi tu na sasa alikuwa amekaa mbele yake.

"Umenitilia mafuta machafu," Eneida alipaza sauti, na wapiga ngoma kwenye boti za nyuma wakanyamaza wasikie. "Fundi gani wewe? Ulevi wa baba umeurithi, na mikono yake mibovu umeirithi pia."

Plinio alimtazama dada yake, akainamia kazi. Alifungua plagi, zilikuwa safi. Akachungulia chujio, hamna hata tone la maji. Kisha akashika kipira cha kupampulia mafuta, akakikuta kimenyonywa mpaka kimebonyea. Hapo akaacha kuhangaika na mashine. Alifuata mpira wa mafuta hadi chini ya meza alipowekwa Bikira, akainua kitambaa cheupe kilichofunika tangi, akalegeza kifuniko. Tangi likavuta pumzi ndefu ya hewa, na kile kipira kikajaa chenyewe.

Kifuniko kizima kilikuwa kimefunikwa na nta ya mshumaa, na kitundu cha kupitishia hewa kimezibwa kabisa, mafuta yanashindwa kutoka.

Hapo Eneida akajua. Mkesha wa sikukuu kila mwenye chombo hudondoshea mashine yake tone moja la nta ya mshumaa wa Bikira, kuombea baraka. Tone moja linatosha. Lakini yeye, kwa kuogopa midomo ya watu, alidondoshea mashine, akadondoshea usukani, akamalizia kwenye tangi huku akisali mpaka mshumaa ukaisha.

"Ni mimi," akamnong'oneza kaka yake. "Nisamehe."

"Matusi yako umeyapigia kelele mto mzima," Plinio akajibu, akikwangua nta kwa kisu, bila kuinua uso. "Msamaha ndio unaninong'oneza?"

Mzee Teófilo, mkuu wa chama cha Bikira, alisimama kwenye boti ya Heriberto akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa analisubiri. Kosa ni la fundi, au la mwenye chombo? Desturi ilijulikana. Mashine ikizima mara tatu kwa kosa la fundi, Bikira husubiri itengenezwe. Likiwa la mwenye chombo, Bikira amekikataa, anahama.

Plinio aliendelea kukwangua nta. Angeweza kusema, na hakusema. Eneida angesema ni la fundi, Bikira angebaki kwake, na kesho yake hakuna mtu mtoni ambaye angempelekea Plinio hata plagi ya kusafisha. Eneida alimchukia kwa kunyamaza kule. Alimchukia Heriberto na meno yake, akaichukia mikono yake mwenyewe.

"Kosa ni langu," akasema kwa sauti ya kufika kingo zote mbili. "Nimeziba tangi kwa nta. Fundi hana kosa, na maneno niliyomtukana ni ya uongo. Haya, chekeni."

Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na mmoja akauliza kama jikoni nako sufuria anazifunika kwa nta. Heriberto alinyoosha mikono akampokea Bikira taratibu, na taji lake, na maua yake. Ngoma zikaanza upya, msafara ukasogea.

Plinio akavuta kamba mara moja tu. Mashine ikanguruma, haikukohoa tena. Eneida alishika usukani, machozi ya hasira yakimtiririka, akawafuata wengine kwa nyuma kabisa. Angeweza kuwapita wote. Meza ilikuwa tupu, na kaka yake amekaa mbele, amempa mgongo.