Agizo la Pili la Mzee Nthiga

Kila asubuhi, saa nne kasorobo, Karimi huinjika sufuria ya chai, hurudi mezani na kufungua kompyuta. Kazi yake ni kusoma maagizo. Watu asiowajua, wa nchi ambazo hajafika, huiandikia akili unde iwatungie programu, naye Karimi, akiwa kwao Manyatta, hapo juu ya mji wa Embu, huyapa maagizo yao alama kuanzia moja hadi tano. Haulizwi kama mashine ilifanya kazi vizuri. Anaulizwa kama iliambiwa vizuri. Agizo zuri husema nini kifanywe, wapi, nini kisiguswe, na mtu atajuaje kwamba kazi imekwisha.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, chai ilipokuwa inachemka, baba yake aliingia kwa mlango wa nyuma, akakwangua matope ya gambuti kizingitini, akaketi. Mzee Nthiga alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Alivaa ile sweta ya kijani waliyomzika nayo, na kifungo cha pili bado kilikuwa hakipo.

"Chai iko?"

"Iko, Baba. Sukari ndiyo kidogo."

"Hata wakati ule ilikuwa kidogo."

Karimi akammiminia. Alifurahi sana kumwona, akalia kidogo, akajifuta kwa leso, kisha akaendelea na kazi, maana mwajiri wake huhesabu dakika. Mzee akasogeza kiti, wakasoma pamoja.

Mambo ya maagizo hayakuwa mageni kwa mzee. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa kule mtoni, na ubao wa mlangoni ulikuwa wake. Karimi alijifunza kusoma kwenye ubao huo, amesimama katikati ya magunia, pua imejaa harufu ya maganda ya kahawa. "Leta kahawa nyekundu peke yake. Ya kijani utarudi nayo. Mizani inafungwa saa kumi na moja, hata kama uko kwenye laini." Watu waliyasoma kwa sauti, wakamtania karani kwa ukali wake, wakatii. Laini ya watu ilifika barabarani, akina mama wakila viazi vitamu na kusengenyana bila haraka yoyote, na ilikuwa raha kuwa mtoto mahali pale. Sasa mabati yameng'olewa, na mbuzi wanalala ofisini. Karimi hukumbuka chaki iliyokaa mfukoni mwa baba yake, na jinsi mfuko ule ulivyokuwa mweupe hata kanisani.

Mzee alikuwa mkali kuliko yeye. Siku ya tatu walikuta mtu ameandika: "Rekebisha ile shida kama tulivyokubaliana jana."

"Huyu mpe moja," mzee alisema.

"Nimempa mbili, Baba. Angalau ana adabu."

"Kwani hiyo mashine ilikuwako jana?"

"Hapana. Kila mara inaanza upya. Haijui kitu ambacho haujaiambia."

"Basi moja."

Kisha mzee akaiacha chai yake ikapoa. Siku aliyokata roho aliwaita watoto wake wawili, binti yake Karimi na mwanawe Ngari, mbele ya wazee wa ukoo, akasema maneno manne tu: "Shamba mgawane kama tulivyoongea." Alikuwa ameongea na Karimi peke yake, siku walipokuwa wakipogoa kahawa: upande wa juu uwe wa Ngari, na wa chini, wenye nyumba ya marehemu mama yao, uwe wa Karimi. Siku hiyo ya kupogoa Ngari alikuwa kazini Nairobi. Hakuna mwingine aliyesikia.

Neno la mwisho la mtu anayekufa huitwa kirumi, na hapa hakuna anayelivunja wala kuliongeza. Wazee walipoona neno la Nthiga halina kitu ndani, walilijaza kwa desturi waliyokuwa nayo: shamba likaenda kwa mwana wa kiume. Mpimaji angekuja mwisho wa mwezi, na Karimi angehama.

"Nipe karatasi," mzee alisema.

Agizo lake la kwanza Karimi alilipa alama tatu, kwa sababu halikusema mpaka unapita wapi. La pili alilipa nne. Mzee alinung'unika, akaandika tena: "Kutoka mti wa avokado kushuka hadi mtoni ni kwa Karimi. Ngari asing'oe kahawa wala asifunge njia ya maji. Mtajua mmemaliza kila mmoja akiwa na hati yake." Karimi akampa tano, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalala vizuri.

Jumamosi wakaenda kwa Mzee Kithaka, mkubwa wa ukoo. Wazee walimsalimu marehemu, wakauliza hali ya wale aliowakuta huko, akasema hawajambo. Ngari alimwachia baba yake kiti chake, akasimama. Karatasi ikazunguka.

"Imeandikwa vizuri," alisema Kithaka. "Hata mtoto anaelewa. Lakini Nthiga, kirumi ni ile ulisema ukienda. Hii umeandika ukiwa umeshaenda. Tukikubali hii, kesho kila mtu tulizika atakuja na barua."

"Baba, mimi sina ubaya," alisema Ngari. "Lakini mimi sikuwako. Haukuniambia."

"Sikukuambia. Nilidhani mnajua."

"Lakini sasa mnajua," Karimi alisema.

Wazee wakakubali kwamba sasa wanajua. Mke wa Kithaka akaleta uji, wakanywa, mkutano ukaisha.

Njiani Karimi alisema atakwenda kortini. Mzee akasimama katikati ya barabara.

"Mtoto wangu usimpeleke kortini."

"Na mimi ni mtoto wa nani?"

Mzee akaanza tena kutembea. Agizo lile lilikuwa wazi kabisa, na Karimi alilichukia, na hakwenda.

Ngari, kwa kuwa si mtu mbaya, alimkatia dada yake kipande cha kutosha chumba kimoja, kule juu barabarani. Mpimaji, jina lake Njoka, alifika Alhamisi na vigingi na kamba ya mkonge. Alihitaji mtu wa kushika ncha moja.

"Mzee, shika hapa. Usiachilie mpaka nikuambie."

Mzee Nthiga akainama, akashika. Njoka akapigilia vigingi, akala kwa Ngari, akapanda bodaboda akarudi mjini. Kumwambia mzee aachilie alisahau. Karimi alipomwomba aachilie, mzee alisema si yeye aliyemwambia ashike. Njoka amepigiwa simu mara nyingi, husema atapita.

Mzee yuko pale hadi leo, ndani ya mpaka wa Ngari, ameshika kamba. Mvua ikianza, Karimi humpelekea mwavuli. Kabla ya kuvuka hupiga hodi kwa ndugu yake na kuomba ruhusa, na Ngari hajawahi kumnyima.